Maji ya Saa za Kazi

Siku ya nne ya safari, saa moja asubuhi, Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva cha basi lisilo na magurudumu, anapiga mswaki kwa maji ya kikombe kimoja na kutemea dirishani. Mumewe, ambaye watu wote walimwita Mkaguzi hata baada ya kustaafu, alikuwa kule nyuma kwenye viti vilivyogeuzwa kitanda, anatafuta soksi. Basi hilo ndilo lililokuwa malazi yao. Kila alfajiri injini yake, ambayo iling'olewa na kuuzwa miaka mingi iliyopita, ilinguruma kwa dakika ishirini, na wageni waliombwa wafunge mikanda. Halikwenda popote. Mkaguzi hakuwa na neno nalo, ila alisema dereva anakanyaga breki kwa ghafla mno.

Safari yote ilikuwa wazo la Mwalimu. Walistaafu mwaka uleule, yeye akitoka kwenye chaki na mumewe akitoka kwenye idara ya maji, alikokagua matangi kwa miaka thelathini. Watoto wao wanne walikuwa wameshajitegemea. Mkwe wao akawaazima gari, na Mwalimu akaandika kwenye daftari orodha ya malazi ya ajabu yaliyo kando ya barabara ya jangwani, mahali pasipo na nguzo ya umeme wala bomba.

"Nimelala kitanda cha futi tano kwa sita maisha yangu yote," alimwambia mumewe. "Sitaki kufa hivyo hivyo."

Malazi ya siku hiyo yalikuwa tangi. Tangazo lilisema: *Bwawa la ndani, mwenyeji mkarimu, wasiojua kuogelea wanakaribishwa.* Mkaguzi alipolisoma tangazo hilo alisema tumbo linamsokota. Mwalimu akampa kidonge. Akasema gari linavuta kulia. Mwalimu akashika usukani na kusema yeye atalivuta kushoto. Walikwenda saa tatu nzima kwenye mchanga, na kila walipopita kibao cha barabarani Mkaguzi alifumba macho.

Tangi lilionekana tangu mbali kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuonekana. Lilikuwa la zege, la mviringo, kimo chake mita tatu na upana wake unatosha madarasa mawili. Ubavuni palikuwa na namba saba ya rangi nyeupe, kubwa kuliko mtu. Nyuma yake palikuwa na nyumba kama arobaini za matofali ya udongo, na punda waliosimama na madumu matupu mgongoni, wakingoja kupelekwa kisimani.

Mwenyeji aliwapokea akiwa na taulo begani na filimbi shingoni. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu kutoka mbali. Zamani aliwapikia mafundi waliojenga tangi lile. Mafundi walipoondoka na maji yasije, alitoboa mlango, akatundika vitanda vinne kwa minyororo, na tangu hapo aliitwa Mama Tangi.

"Karibu dada, karibu shemeji," alisema. "Utaratibu wetu ni mwepesi. Maji yanaingia saa mbili asubuhi, yanatoka saa saba kwenda chakula cha mchana, yanarudi saa nane, yanafunga saa tisa na nusu. Jumamosi na Jumapili hayaji. Sikukuu hayaji. Viatu tundikeni kwenye misumari ya juu."

"Leo Jumanne," alisema Mwalimu.

"Leo yapo."

Maji yalikuwa yamesimama wima mlangoni, kama kioo cha dirisha la duka, bila kumwagika hata tone. Mwalimu aliingiza mkono ukalowa, akautoa ukakauka. Akarudia mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha.

"Ya baridi," alisema, akavua viatu, akavishika mkononi na kuingia na gauni lake.

Ndani maji yalimfika mabegani. Watoto kadhaa walikuwa wanaogelea kwa kuzunguka, kila mmoja kwenye mstari wake, wanageuka Mama Tangi akipuliza filimbi. Kijiji kile kilikuwa katikati ya jangwa na kila mtu alijua kuogelea, hata mwenye duka, hata vikongwe. Tatizo la maji yale lilikuwa moja tu, na Mama Tangi alilieleza huku akimsahihisha mtoto mmoja namna ya kupiga miguu. Yalikuwa hayatoki. Ukichota ndoo, ukifika mlangoni ndoo ilikuwa kavu. Ukifua humo, nguo ilitoka na uchafu wake wote. Mama Tangi aliwahi kuchemsha maharagwe humo ndani, kwenye jiko aliloliweka juu ya meza ndefu, yakaiva vizuri sana. Alipovuka kizingiti yalikuwa mabichi, yanagongana kwenye sufuria.

"Na ukiyanywa?" aliuliza Mwalimu.

"Kiu inakwisha hapo hapo. Ukitoka inarudi. Muulize mama mkwe wangu."

Mama mkwe, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi, alikuwa amekaa karibu na ukuta kwenye kiti kirefu alichochongewa, maji yakimfika shingoni, na kikombe cha bati mkononi. Aliingia kila siku ya kazi saa mbili kasorobo, akakaa tayari, akanywa mpaka saa saba. Saa ya chakula cha mchana ilimkera kuliko kitu chochote duniani.

"Shikamoo Bibi," alisema Mwalimu.

"Marahaba mwanangu. Kunywa, kunywa sasa. Hawa jamaa wakienda kula hawachelewi kuondoka, ila kurudi wanachelewa."

Mkaguzi alikuwa bado nje. Alisema anakagua matairi. Aliyakagua yote manne, kisha lile la akiba, kisha akayarudia. Maji ya kusimama mlangoni hayakumsumbua, kwani katika idara aliona makubwa zaidi ya hayo. Kilichomsumbua ni namba saba.

Mwalimu aliiona karatasi alipoinua macho kutafuta msumari wa viatu. Ilikuwa imewekwa ndani ya plastiki na kutundikwa juu kabisa ukutani, kama watu wanavyotundika picha ya harusi. *Fomu ya Ukaguzi. Tangi namba 7. Hali: limekamilika, linafanya kazi saa zote za kazi. Kina cha maji: mita moja na nusu. Maoni: wananchi wamefurahi.* Chini yake palikuwa na saini yenye mkia uliopinda. Mwalimu aliijua saini ile. Ilikuwa kwenye ripoti za shule za watoto wake wanne, muhula kwa muhula, na kwenye cheti chake cha ndoa.

Aliitazama tarehe. Akahesabu kwa vidole chini ya maji.

"Baba Watoto!" aliita. "Hebu njoo humu."

Mkaguzi aliingia na suruali yake na viatu vyake. Alipomfikia mkewe alikuwa ameshainamisha kichwa, kidevu kinagusa maji.

"Tarehe hii," alisema Mwalimu, "si ni ya zile siku tatu ulizopaka rangi sebule?"

"Ndizo."

"Uliniambia idara imewapa mapumziko."

"Niliyatoa mimi," alisema Mkaguzi. "Nilijipa."

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesomewa mashtaka na yeye mwenyewe ndiye msomaji. Barabara ilikuwa mbaya. Fomu ilitakiwa mezani Ijumaa. Mafundi walikuwa wameshajenga, na bomba aliambiwa linakuja, kwa hiyo aliona anawahi tu jambo ambalo lingetokea. Kuhusu kina, alichagua mita moja na nusu kwa kuwa ilikuwa ya wastani: sifuri ingeleta maswali, na tatu ingeleta wivu kwa matangi mengine. Lile la wananchi kufurahi alilitia kwa sababu nafasi ya maoni ilikuwa imebaki wazi, na yeye hakupenda nafasi wazi.

Sebule ile ya bluu Mwalimu aliipenda sana. Aliwahi kuwaita majirani waje waione.

"Nimekasirika mpaka meno yananiuma," alisema.

Mama Tangi alikuwa amesikia yote, maana sauti ndani ya tangi haina pa kwenda. Hakupiga kelele. Alipuliza filimbi watoto wapumzike, akasogea.

"Kumbe ndiye wewe, shemeji," alisema. "Tumekutafuta. Nimekwenda idarani mara tatu. Mara zote wananiambia tangi namba saba limejaa, na hawawezi kuleta bomba kwenye tangi lililojaa, litafurika. Nikawaambia njooni muone. Wakasema wakija watayaona maji, na kweli wangeyaona. Nikawaambia basi ifuteni hiyo karatasi. Wakasema kwa kanuni, anayeweza kufuta ni yule yule aliyesaini."

"Hiyo kanuni niliitunga mimi," alisema Mkaguzi. "Watu walikuwa wanafutiana hovyo."

"Basi ifute. Wanawake wa hapa wanakwenda kisimani kilomita kumi na nne, na kurudi kumi na nne. Wifi yangu mgongo umekwisha, na hajafika arobaini."

Mkaguzi aliwatazama watoto, kisha akamtazama Bibi, na hapo akapata kichaka cha kujifichia.

"Nikifuta, haya nayo yataondoka," alisema. "Bibi atakunywa nini? Watoto wataogelea wapi? Na wewe wageni watafuata nini hapa?"

Vitanda vile vinne ndivyo vilivyomlisha Mama Tangi kwa miaka sita, na hilo halikuwa jambo la kusukuma kando kwa mkono. Alimtazama mama mkwe wake.

"Futa," alisema Bibi. "Nimechoka kunywa maji yasiyofika tumboni."

Mkaguzi hakuwahi kukiri kosa la kazi maishani mwake. Aliwahi kupewa cheti cha mkaguzi bora miaka mitatu mfululizo, na vyeti hivyo vilikuwa ukutani kwenye ile sebule. Alijua kwamba akisema neno moja kwenye simu, habari itapita korido zote za idara kabla ya chai, na watu aliowafokea kwa miaka thelathini watacheka mpaka wakae chini. Mwalimu alikuwa anamtazama kama alivyowatazama wanafunzi waliosema daftari limeliwa na mbuzi. Akaona aibu ya idara ni nafuu.

Simu ilishika mtandao juu ya paa la tangi tu. Mkaguzi alipanda ngazi ya chuma, akikauka alipovuka mlango na kuanza kuloa tena kwa jasho, akakaa kando ya mfuniko wa ukaguzi uliokuwa wazi. Kutoka hapo aliona moja kwa moja kichwa cheupe cha Bibi na kikombe chake. Ilikuwa saa tano na nusu. Akampigia aliyechukua kiti chake, kijana aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa na kujifunza kila kitu kutoka kwake.

"Bosi wangu! Shikamoo bosi! Kustaafu kunasemaje?"

"Marahaba. Sikiliza. Tangi namba saba nilisaini bila kufika. Halijawahi kuingia tone la maji. Nataka ufute fomu yangu."

Alikuwa amesema. Alishangaa kidogo jinsi maneno yalivyokuwa machache. Upande wa pili zikasikika herufi zinabonyezwa.

"Nimekuelewa kabisa, bosi. Nalishughulikia sasa hivi, wewe ndiye uliyenilea. Ila fomu ya kufuta haipo. Iliamuliwa itengenezwe, kamati ikavunjika. Ipo ya malalamiko. Naandika: upungufu wa maji, tangi namba saba. Mlalamikaji, mstaafu. Sawa?"

"Si upungufu. Hakuna maji kabisa."

"Sawa, upungufu mkubwa. Hatua iliyochukuliwa... hapa bosi siwezi kuacha wazi, kompyuta inakataa. Naweka: limeongezwa maji."

"Usiweke limeongezwa! Weka sifuri!"

"Sifuri inakataa. Kina kipya lazima kizidi cha zamani. Si wewe ulisema idara haiwezi kuonekana inarudi nyuma? Ndiyo mashine ilivyofundishwa." Herufi zikabonyezwa tena. "Nimekuwekea mbili kamili, bosi. Zawadi ya kustaafu."

Mkaguzi alisikia chini yake sauti ya maji yanayopanda, sauti ya utulivu, kama beseni linalojazwa chumba cha pili. Yalimfika Bibi kidevuni, yakamfika mdomoni. Bibi alikunywa kwa muda, kisha akaona hayaishi, akakiacha kiti na kulala chali juu ya maji huku amekishikilia kikombe chake kifuani. Mwalimu, ambaye alikuwa hajui kuogelea, alianza kutapatapa. Mama Tangi alimshika chini ya kwapa.

"Miguu, dada! Piga miguu! Kichwa juu!" Akapuliza filimbi. "Wadogo wote watoke! Wasiofikisha darasa la nne wote nje!"

"Lalamiko limefungwa," alisema msaidizi. "Karibu ofisini siku yoyote bosi, tunakukumbuka sana."

Ikafika saa saba, maji yakaondoka. Hayakupungua, yalikuwepo, halafu hayakuwepo, na Mwalimu akajikuta ameketi sakafuni, gauni kavu, nywele kavu, koo limekauka kuliko asubuhi. Bibi alikuwa amelala chali kwenye zege akiisema idara kwa maneno ambayo Mama Tangi alimwomba ayapunguze kwa ajili ya wageni. Wakamnyanyua, wakampa nusu kikombe cha maji ya kisima kutoka kwenye dumu lililofungwa kwa kufuli. Aliyanywa kidogo kidogo, kila funda akiliweka mdomoni kabla ya kulimeza. Mwalimu alimtazama mpaka alipomaliza, kisha akatoka nje na kulia upande wa pili wa gari, akiwa na hasira na mumewe na hasira na ile sebule aliyojivunia.

Mkaguzi hakushuka. Alikaa juu ya paa saa nzima ya chakula cha mchana, jua linamchoma kipara, anapiga simu inayolia bila kupokelewa. Saa nane na dakika kumi na saba maji yalirudi, mita mbili, na saa nane na dakika ishirini msaidizi akapokea huku akitafuna kitu.

"Nataka kufungua lalamiko jingine," alisema Mkaguzi.

"Fungua tu bosi, ni haki yako. Ila kina kitabidi kizidi mbili."

Mkaguzi alichungulia kwenye mfuniko. Mama Tangi alikuwa juu ya ngazi fupi, anapandisha minyororo ya vitanda kwa ndoano mbili. Bibi alikuwa anaelea, anakunywa, anagongagonga ukuta kila anapoufikia. Tangi lilikuwa la mita tatu. Alipiga hesabu: malalamiko mawili zaidi, au matatu yakiongezwa kidogo kidogo, na maji yangefika kwenye paa.

"Acha," alisema. "Acha kama lilivyo."

"Maoni niweke nini?"

Mkaguzi alikata simu. Lakini alijua kwamba nafasi wazi haitaachwa wazi, maana yeye ndiye aliyemfundisha.

Aliposhuka, Mama Tangi alikuwa amesimama mlangoni anajipangusa kwa taulo ambalo halikuhitajika. Aliuliza kwa macho, Mkaguzi akatikisa kichwa. Hakuna aliyemlaumu zaidi ya pale. Mama Tangi alisema itabidi abadilishe tangazo, kwa kuwa sasa wasiojua kuogelea wafundishwe kwanza nje, juu ya mchanga. Alisema pia kwamba kiti cha Bibi kiongezwe miguu.

Punda walikuwa wameshaondoka na wanawake wa kijiji, mstari mrefu unaopungua kuelekea upande wa kisima. Wifi wa Mama Tangi alikuwa wa mwisho, dumu kichwani, mkono mmoja kiunoni.

"Shemeji," alisema Mama Tangi, "gari lenu linabeba madumu mangapi?"

"Kumi na mawili," alisema Mkaguzi. "Tukitoa kiti cha nyuma, kumi na nane."

Akakitoa kiti cha nyuma. Kilikuwa na parafujo sita, na moja ilikuwa na kutu, ikamchukua nusu saa. Mwalimu alitoka upande wa pili wa gari, macho mekundu, akaanza kupanga madumu bila kumsemesha. Walipomaliza aliketi kwenye usukani. Mkaguzi alifungua mlango wa upande wake, akakuta kiti chake kina madumu mawili yamefungwa mkanda.

"Utamkuta yule wifi njiani," alisema Mwalimu. "Mbebee dumu lake."

Akawasha gari. Mkaguzi alipandisha suruali, akaanza kutembea kwenye mchanga kufuata alama za kwato. Kwenye tangi filimbi ilipulizwa, na darasa la kupiga mbizi likaanza.